Mzee asema niumwe na nyuki mmoja kila wiki hadi mwili uzoee

Mpendwa Mama Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Subukia. Mimi ni mwanamume wa miaka 46, nina mke na watoto watatu, na pamoja na kahawa na parachichi nimefuga nyuki kwa miaka tisa sasa. Nina mizinga kumi na minane, mingi ikiwa ya Langstroth, yaani ya masanduku ya kisasa, na michache ya magogo niliyorithi kwa marehemu baba. Katika miaka hiyo yote nimeumwa na nyuki mara nisizoweza kuzihesabu, na kila mara matokeo yalikuwa uvimbe mdogo na mwasho ulioisha kufikia kesho yake. Mwaka juzi kiangazi kilipozidi, nyuki walihama na karibu mizinga yote ikabaki mitupu kwa muda mrefu. Mvua iliporudi nao walirudi, na hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Mwezi wa Oktoba niliumwa mkononi, na baada ya muda mfupi nikatokwa na vipele mwili mzima. Nilimeza piritoni mbili nikalala, nikidhani ni chakula nilichokula matangani. Kisha mwezi wa Februari, jioni tukiwa tunarina, nyuki mmoja alipenya chini ya wavu akaniuma shingoni. Mke wangu aliukwangua mwiba kwa ukucha, akanionyesha katika mwanga wa simu: ulikuwa na kijifuko cheupe ambacho bado kilikuwa kikipwita. Kabla ya dakika kumi kupita, viganja na nyayo ziliniwasha, masikio yakapata moto, sauti ikakwaruza, tumbo likanisokota na kifua kikabana. Niliposimama ili nirudi nyumbani, giza liliniingia machoni nikaanguka. Vijana walinikalisha katikati yao kwenye bodaboda, mmoja akinishika kwa nyuma, hadi zahanati, ambako tabibu alinidunga sindano pajani, na baada ya dakika chache nikaanza kupumua vizuri. Nililala huko hadi asubuhi.

Tabibu huyo aliniambia kwamba kuna tiba ambayo mgonjwa hudungwa sumu ya nyuki yenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka kadhaa, hadi mwili uizoee. Nilipomsimulia jirani yangu, mzee ambaye amerina asali tangu ujana wake na ninayemheshimu kama baba, alisema hilo si jambo geni kwake. Kwa maoni yake nimkamate nyuki mmoja kila Jumamosi, nimweke mkononi aniume, na baada ya miezi michache mwili utakuwa umezoea bila gharama yoyote. Anasema yeye mwenyewe alizoea hivyo hivyo.

Mama, kama sumu ni ile ile, tofauti iko wapi? Naomba pia unisaidie katika mambo mengine. Nimekuwa nikitumia atenololi kwa ajili ya presha kwa miaka mitatu. Binti yangu wa miaka 11 akiumwa na nyuki, mkono huvimba kutoka kidoleni hadi kiwiko na kukaa hivyo siku mbili tatu. Je, naye apelekwe kwenye tiba hiyo? Aidha, kuna nyigu waliojenga chini ya paa la jikoni, nami sasa nawaogopa kama simba. Mke wangu anataka tuuze mizinga yote, lakini asali ndiyo inayotulipia karo.

Wako,
Baba Wambui, Subukia

JIBU

Baba Wambui,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na jibu la swali lako kuu nalitanguliza lisije likapotea katikati ya maelezo: usimweke nyuki mkononi, Jumamosi hii wala Jumamosi nyingine yoyote. Ukiumwa tena kabla ya kutibiwa, hata na nyuki mmoja tu, huenda usifike zahanati.

Nakuambia hivyo kwa sababu ya yale uliyoyaeleza kwa makini sana. Ngozi iliwasha, njia ya hewa ikabana hadi sauti ikabadilika, tumbo likasokota, na damu ikashuka nguvu hata ukaanguka uliposimama. Mambo hayo yakitokea kwa pamoja dakika chache baada ya kuumwa, huo ni mshtuko wa mzio, unaoitwa kitaalamu anafilaksia. Vile vipele vya Oktoba vilikuwa mlango wake, nawe ukavidhania chakula cha matangani, kama ambavyo wengi wangefanya. Na yale mkeo aliyoyaona katika mwanga wa simu yana thamani kubwa kuliko anavyojua. Nyuki huacha mwiba wake na kifuko cha sumu katika ngozi, nacho huendelea kusukuma sumu hata nyuki mwenyewe akiwa ameondoka. Nyigu kwa kawaida huuma na kuondoka na mwiba wake. Daktari atakapokuuliza ni mdudu gani aliyekuuma, utajibu bila kubahatisha. Naye mkeo alifanya vyema kuukwangua papo hapo, kwa maana katika kutoa mwiba kinachohesabiwa ni sekunde, wala si muhimu sana kama umeukwangua au umeubana kwa vidole.

Sasa nije kwa mzee, na nitamtendea haki, kwa sababu anayosema yana chembe ya ukweli. Imeonekana kwamba wafugaji wanaoumwa mamia ya mara kwa mwaka hupatwa na mzio mkali mara chache kuliko wale wanaoumwa mara chache tu. Mwili unaopokea sumu mara kwa mara hutengeneza kingamwili za kuizuia, zinazoitwa IgG4, nazo huiwahi sumu kabla haijaleta fujo. Bila shaka mzee wako ana akiba kubwa ya kingamwili hizo. Lakini wewe nyuki walikuhama, ukakaa kipindi kirefu bila kuumwa, na waliporudi mizingani mwili wako ukawa umechukua njia nyingine: umetengeneza kingamwili za aina ya IgE, ambazo hujishikiza kwenye seli zilizojaa histamini, kemikali inayoleta mwasho na uvimbe, na kungoja. Sumu ikigusa kingamwili hizo, seli hupasua akiba yake yote kwa wakati mmoja, mishipa ya damu hulegea na njia ya hewa hubana. Mzee aliuzoesha mwili ambao haukuwa na mzio. Wewe ungekuwa unauchokoza mwili ambao tayari unao.

Kisha kuna suala la kipimo, na hapa ndipo tofauti uliyoniuliza ilipo hasa. Nyuki mmoja akikuuma vizuri hukuachia mikrogramu 50 za sumu au zaidi (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu), na wakati mwingine hupita 100. Huwezi kumwambia akupe nusu yake. Katika tiba ambayo tabibu alikutajia, inayoitwa imunotherapia ya sumu, sindano ya kwanza kwa kawaida huwa na sehemu moja ya kumi ya mikrogramu, au hata sehemu moja ya mia. Ukipiga hesabu utaona kwamba nyuki wa Jumamosi wa mzee angekupa siku ya kwanza kiasi ambacho kliniki ingekufikisha baada ya wiki nyingi za kupanda ngazi. Zaidi ya hayo, sumu ya kliniki imesafishwa na kupimwa, hudungwa chini ya ngozi ya mkono polepole, mgonjwa huketi pale pale nusu saa nzima baada ya kila sindano, na adrenalini, dawa ya kumwokoa mtu aliyepata mshtuko huo, huwa imewekwa mezani. Kule shambani Jumamosi jioni mezani pangekuwa na nini?

Usidhani kwamba madaktari wenyewe waliijua njia hii tangu zamani. Kwa miongo mingi walikuwa wakiwasaga wadudu wazima na kuwadunga wagonjwa maji yake, wakiamini yanakinga. Mwaka 1978 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha utafiti ambao wagonjwa waligawanywa katika makundi matatu: wengine walipewa sumu halisi, wengine maji ya wadudu waliosagwa, na wengine dawa bandia isiyo na sumu. Baadaye waliumwa na wadudu hai hospitalini, chini ya uangalizi. Kati ya 18 waliopewa sumu halisi, mmoja tu ndiye aliyepata mzio wa mwili mzima. Kati ya 11 wa wadudu waliosagwa walikuwa saba, na kati ya 12 wa dawa bandia walikuwa saba vilevile. Ilibainika kwamba ile tiba ya miaka mingi haikuwa na faida kuliko dawa bandia. Nakutajia habari hii kwa sababu mimi mwenyewe, nilipoisoma kwa mara ya kwanza, niliacha kabisa kusema kwamba jambo likitumiwa na wengi kwa muda mrefu lazima liwe linafaa.

Tiba yenyewe inaendeshwaje? Kwanza hupimwa kama kweli mwili wako una IgE ya sumu ya nyuki, kwa kuchoma ngozi kidogo na kuweka tone la sumu iliyozimuliwa, na pia kwa kupima damu. Vipimo hivi hufanywa wiki nne hadi sita baada ya kuumwa, kwa sababu mara tu baada ya mshtuko mwili huwa umechoka na huweza kutoa jibu la uongo. Siku kadhaa kabla ya kipimo cha ngozi hutakiwi kumeza piritoni wala dawa nyingine za jamii yake, nazo kliniki itakutajia. Uombe pia upimwe triptesi, kemikali inayotolewa na zile seli zenye histamini, katika damu siku ambayo huna shida yoyote, kwani watu wachache wenye kiwango cha juu huwa na maradhi ya seli zile nilizozitaja, na kwao mzio huwa mkali zaidi na tiba huwa ndefu zaidi.

Ukithibitishwa, sindano hupanda ngazi kila wiki kwa muda wa miezi miwili hadi minne, mpaka zifike mikrogramu 100, yaani kama sumu ya nyuki wawili. Baada ya hapo unadungwa kiasi hicho hicho kila wiki nne, na miaka inavyosonga nafasi kati ya sindano huongezwa hadi wiki sita au nane. Muda wa tiba ni miaka mitatu hadi mitano, na kwa mtu aliyeanguka kama wewe, tena anayeishi na nyuki, ningetarajia daktari aseme mitano au zaidi. Kwa mfugaji wa nyuki wengine hupandisha kipimo hadi 200. Tiba hii huwakinga takriban watu 77 hadi 84 kati ya kila 100 wenye mzio wa nyuki, na kwa wenye mzio wa nyigu hufika 91 hadi 96. Hao wachache wasiokingwa kikamilifu mara nyingi hupata mshtuko mwepesi kuliko wa kwanza.

Sitakuficha upande wake mgumu. Mkono utavimba na kuwasha baada ya sindano nyingi, na baadhi ya wagonjwa, hasa wa sumu ya nyuki kuliko ya nyigu, hupata mzio wa mwili mzima pale pale kliniki, wengi wao ukiwa mwepesi, katika kipindi cha kupanda ngazi. Ndiyo sababu ile nusu saa ya kungoja haina mjadala, hata kama matatu yako inataka kuondoka. Jua pia kwamba tiba hukukinga na mzio, haikukingi na wingi wa sumu. Nyuki wetu hushambulia kwa kundi, na mtu akiumwa na mamia yao, sumu yenyewe huweza kuharibu misuli na figo hata kama hana mzio wowote. Mavazi na moshi utavihitaji maisha yako yote.

Kuhusu kuipata tiba hiyo, anza kwa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nakuru ukiwa na barua ya zahanati, na uombe kuelekezwa kwa daktari wa mzio. Wataalamu hao ni wachache nchini na wengi wao wako Nairobi, kwa hiyo jiandae kwa safari. Katika barua hiyo tabibu aandike dakika zilizopita kati ya kuumwa na dalili za kwanza, presha yako ilivyosoma ulipofikishwa, na dawa uliyodungwa, kwa maana kumbukumbu za kituo zikipotea hutaweza kumthibitishia mtu mwingine ulichopitia. Ukifika kwa mtaalamu, muulize kama ana uhakika wa kupata sumu hiyo, ambayo hutengenezwa ng'ambo, kwa miaka yote ya tiba. Mgonjwa akikatizwa kwa muda mrefu hulazimika kurudi ngazi za chini na kuanza kupanda upya. Muulize gharama yote, pamoja na kile ambacho bima italipa na kile ambacho hailipi, na uongeze nauli ya kila wiki kutoka Subukia. Muulize vilevile kama anatumia ratiba ya haraka, ambayo mgonjwa hulazwa na kupandishwa ngazi kwa siku chache badala ya miezi. Kwa mtu anayeishi mbali, ratiba hiyo huweza kuwa tofauti kati ya kumaliza tiba na kuiacha njiani.

Huenda ukajiuliza kama sumu ya nyuki wa Ulaya itamfaa mtu aliyeumwa na nyuki wa Subukia. Itafaa. Nyuki wetu, pamoja na ukali wake wote, ni wa spishi moja na yule wa Ulaya, Apis mellifera, na sumu zao zinafanana sana. Kwa nyigu mambo ni tofauti: sumu ya nyigu inayouzwa hutoka zaidi kwa jamii ya Vespula, ambayo si ya kwetu, ilhali nyigu wanaojenga vijumba vya karatasi chini ya mapaa yetu ni wa jamii nyingine. Bahati yako ni kwamba aliyekuuma ni nyuki, na mzio wa nyuki haumaanishi kwamba una mzio wa nyigu. Mwombe daktari akupime vyote viwili, na kabla ya majibu hayo mwachie mtu mwingine aondoe kile kiota usiku, wewe ukiwa ndani.

Suala la atenololi nalichukua kwa uzito mkubwa. Dawa za jamii hiyo huziba milango ile ile ambayo adrenalini hupitia, kwa hiyo mtu anayezitumia akipata mshtuko, sindano ya kumwokoa huweza kufanya kazi kwa shida. Hata hivyo usiiache leo kwa hofu, kwani kuikatiza ghafla kunaweza kuuumiza moyo. Mwone daktari anayekutibu presha wiki hii, umweleze kilichotokea Februari, na umwulize kama inawezekana ubadilishiwe pole pole uwekwe kwenye dawa ya jamii nyingine, mathalani amlodipini. Ikiwa moyo wako hauwezi kuachana na atenololi, usikate tamaa: siku hizi wataalamu wengi hawamkatalii mgonjwa tiba ya sumu kwa sababu hiyo pekee, ila hupenda kujua mapema.

Wakati unangoja hayo yote, uhai wako umo katika adrenalini. Nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua, na kuna mchana mmoja, katika kituo kimoja huku magharibi, ambao sijausahau. Kijana aliletwa akiwa ameumwa na nyuki, midomo imevimba, anapumua kama anayevuta hewa kupitia mrija. Alipewa piritoni ya sindano na haidrokotisoni, dawa mbili ambazo hazifungui njia ya hewa iliyobana wala hazipandishi damu iliyoshuka, kwa sababu adrenalini ilikuwa imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo alikuwa ameenda kula. Ufunguo ulifika, kijana akapona, lakini zile dakika nilizosimama nimemshika kiganja kilichokuwa kikipoa ndizo zinazonifanya nikuandikie kwa urefu huu. Nenda kwenye zahanati yako mchana wa kawaida, bila dharura, uwaulize kwa heshima: adrenalini ipo, na ufunguo anao nani?

Mwombe daktari akuandikie adrenalini ya kuwa nayo mwenyewe. Ikiwa kalamu ya kujidunga haipatikani au bei yake haifikiki, muulize kama atakuandikia kichupa na sindano, na akufundishe pamoja na mkeo. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni nusu mililita ya adrenalini ya 1:1000, inayodungwa katika msuli wa paja kwa upande wa nje, na hurudiwa baada ya dakika tano hadi kumi na tano ikiwa hali haijatengemaa. Daktari wako ndiye atakayekithibitisha kwako. Isiachwe juani wala kwenye dashibodi ya gari, na ikigeuka rangi au tarehe ikipita, inunuliwe nyingine.

Lile bodaboda, Baba Wambui, nusura likumalize. Mtu ambaye damu imeshuka akikalishwa wima au akisimamishwa ghafla, moyo hukosa damu ya kusukuma, na wapo waliokufa kwa namna hiyo dakika chache tu baada ya kuinuliwa. Ukijisikia unaanza, lala chini pale pale mizinga ilipo, au hatua chache kutoka hapo ikiwa nyuki bado wanashambulia, miguu ikiinuliwa juu ya debe au jiwe. Ikiwa kinachokusumbua zaidi ni pumzi, keti umenyoosha miguu. Udungwe kwanza, kisha itafutwe gari ambamo utalazwa, hata likiwa Probox ya jirani ya kubebea maziwa. Na ukishapata nafuu usikubali kurudishwa nyumbani saa ile ile, kwa sababu mshtuko huweza kurudi baada ya saa kadhaa bila kuumwa tena.

Binti yako hahitaji tiba hii. Uvimbe wake, ingawa unatisha kuutazama, unabaki kwenye mkono ulioumwa, na watoto wa namna hiyo wanaokuja kupata mzio wa mwili mzima ni wachache, kama watano hadi kumi kati ya mia. Mwekee kitambaa chenye maji baridi, mpe dawa ya mwasho inayofaa umri wake, na asipimwe damu kwa wasiwasi tu, kwani watu wengi wana IgE ya sumu ya nyuki na hawana mzio wowote, na majibu hayo yangewaongezea hofu isiyo na kazi. Mambo yatabadilika siku atakapotokwa na vipele mbali na mahali alipoumwa, au atakapokohoa, kutapika au kuishiwa nguvu.

Kuhusu mizinga, sikubaliani na mkeo kwamba iuzwe, ingawa naielewa hofu yake kabisa, kwa maana yeye ndiye aliyekuona ukianguka. Wafugaji wengi waliotibiwa hurudi kwenye nyuki wao baada ya kufika mikrogramu 100. Ila kuanzia leo hadi hapo, wewe usifungue mzinga hata mmoja, hata ukiwa umevaa mavazi yote. Kuumwa ukiwa bado unapanda ngazi ndiko kubaya zaidi, maana utakuwa umejipa moyo na kinga bado haijasimama. Mizinga iliyo karibu na njia ya jikoni ihamishwe hadi mwisho wa shamba, usiku, na vijana wako. Urinaji wa msimu huu ugawane na mtu unayemwamini, hata kama itabidi apate theluthi ya asali; karo ya muhula mmoja itapungua, nanyi mzungumze na shule mapema.

Na mtu huyo nadhani unamjua. Nenda kwa mzee, umweleze uliyoyasoma hapa kwa adabu unayompa siku zote: kwamba aliloliona katika mwili wake ni kweli, na kwamba hospitali nayo inafanya jambo la jamaa yake, ila kwa kijiko kidogo mno na kwa mtu aliyelindwa. Mwombe akurinie msimu huu. Kisha, baada ya daktari kukufundisha wewe na mkeo, mketi naye mumwonyeshe paja, upande wa nje, katikati ya nyonga na goti, na aijaribu ile sindano kwenye chungwa mpaka mkono wake usitetemeke, kwa sababu siku utakaporudi mizingani jioni, yeye ndiye atakayekuwa amesimama karibu nawe.